Kuanzia Saa Tatu Hadi Saa Sita

Chidya, 27 Mei 2024

Mpwa wangu Veridiana, Mama Godwin,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla ya kufungua bahasha. Hapa tu wazima. Mke wangu Flora goti linamsumbua asubuhi, lakini likipata jua linatembea. Godwin hajambo? Na baba yake ameanza kupulizia mikorosho?

Hamudi wa basi la Newala anakuletea kurasa za sura ya saba ya kitabu changu, sura ya ming'oko, vile viazi vya porini. Nimeziandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza, kwa kuwa macho yangu na kompyuta yamekwisha kugombana. Ndiyo maana nilikuajiri wewe, ingawa uko mbali huko Mkunya: simjui mwingine anayeweza kuchapa na pia kuandika majina ya mimea kwa Chimakonde bila kuyavunja mbavu. Bila wewe kitabu kitabaki madaftari.

Sasa niruhusu nikueleze jambo. Kazi yako ni kuanzia saa tatu hadi saa sita, hilo ni sahihi. Lakini kumbukumbu ya mzee haina ratiba. Jana saa moja jioni nilikumbuka jina la mti fulani, nikakupigia mara nne, hukupokea. Sikukasirika. Nasema tu kwamba saa zilizobaki uwe karibu na simu, na simu isizimwe. Kupokea si kazi, ni kusema "naam".

Mjomba wako,
Nikolao

Mkunya, 31 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo, na Godwin kang'oka jino la mbele. Kurasa nimezipata, zinanuka samaki wa Hamudi lakini zinasomeka.

Kuhusu simu nimekusikia. Mjomba akishasema, mpwa atasema nini? Ila ujue kwamba "naam" yako ni ndefu. Jumanne ulinipigia niko kwenye cherehani, nikashona mkono wa gauni la Stamili kwenye shingo. Jumatano ulinieleza mizizi kwa dakika arobaini, mboga ikaungua. Godwin ananiuliza kama babu anaishi ndani ya simu.

Jambo lingine, la furaha. Huyo Stamili, jirani yangu, mwezi ujao anamcheza unyago binti yake Esha, na Esha mwenyewe kaomba niwe somo wake, nimshike mkono tangu kuingia hadi kutoka. Nililia kwa furaha. Simu haziingii nyumba ya mwali. Lakini umesema isizimwe, basi nitaona nifanyeje.

Mpwa wako,
Veridiana

Mkunya, 24 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Miili yetu ni mizima. Unijibu kwa karatasi, kwa sababu simu nimeizima.

Juzi Jumamosi tulikuwa ndani na mwali. Wenzangu wote waliacha simu mlangoni, kwenye ungo. Mimi ya kwangu niliifunga kwenye pindo la khanga, kwa agizo lako. Saa tisa mchana Bibi Helena, kungwi mkubwa, kawanyamazisha wote, Esha kainamisha kichwa, simu ikalia. Nikapenyeza mkono niikate, kidole kikaipokea, sauti ikatoka yote nje. Hata hukusalimia, Mjomba. Ulisema, "Andika! Kosa la kwanza ni kuchemsha ming'oko kwa maji mengi!"

"Mwanamume!" wakapiga kelele. "Mwanamume kaingia!"

"Ni nani huyo?" akauliza Bibi Helena.

"Ni mjomba wangu, bibi."

"Anatafuta nini humu?"

"Ananipa kazi."

"Kazi yako si inaisha saa sita?"

"Inaisha."

"Basi hajui kusoma saa."

"Na alikuwa mwalimu!" akadakia Stamili, wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilitolewa nje, mkono wa Esha akapewa mwingine. Alinitazama mpaka mlango ulipofungwa.

Bibi Helena kasema nitarudishwa siku ya kumtoa mwali, Jumamosi tarehe 6 Julai, ikiwa tu mwanamume aliyeingia atalipa: majogoo wawili, na akae nje ya nyumba ile tangu asubuhi hadi saa sita bila kutamka neno.

Na kazi yako naiacha, Mjomba. Nilikuwa naipenda. Sikukatazi kukumbuka. Nakuomba tu uniruhusu nisiwepo.

Mpwa wako,
Veridiana

Chidya, 27 Juni 2024

Mpwa wangu, Mama Godwin,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Ya kwako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimpa Flora anisomee, nikitumaini kwa sauti yake itakuwa laini zaidi. Haikuwa.

Nieleze kidogo, halafu ninyamaze. Shuleni kwetu kengele ilikuwa rimu ya gari. Ikigongwa, hata kama niko katikati ya sentensi, watoto wanaondoka. Kwa miaka thelathini na moja sikumfuata mtoto yeyote mtoni ili nimalizie hesabu. Wewe nimekufuata hadi kwenye nyumba nisiyoruhusiwa hata kuichungulia. Nilisema kupokea si kazi. Nilikosea. Anayengoja kuitwa hashoni akatulia, hapiki akatulia, na kumbe hata somo hawezi kuwa. Kungoja nako ni kazi, na kwa kazi hiyo sikukuajiri.

Majogoo nimeshawapata. Kuhusu kunyamaza asubuhi nzima, Flora anasema safari hii lazima aione kwa macho yake.

Mjomba wako aliyekosa,
Nikolao

Mkunya, 8 Julai 2024

Mjomba, shikamoo. Mmefika salama? Na goti la Mama Flora?

Huku bado wanakuzungumza. Bibi Helena alikupitia makusudi mara tatu, akikuuliza mihogo inapandwa mwezi gani, na kila mara akitaja mwezi usio wenyewe! Nilikuona ulivyoshika magoti, jasho likikutoka. Hukusema. Wimbo wa maji mengi waliokutungia sasa watoto wanauimba njiani.

Esha alitoka mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Bibi Helena anasema, "Huyo mwalimu anafundishika." Basi leo saa tatu nimewasha simu. Saa sita naizima. Niambie ming'oko inataka maji kiasi gani.

Mpwa wako,
Veridiana

Chidya, 2 Septemba 2024

Mpwa wangu Veridiana,

Marahaba tena. Sote wazima, goti pia.

Nimetundika rimu uani kwangu. Saa sita nagonga, watoto wa jirani wanakuja mbio wakidhani kuna uji, na Flora anaiweka simu ndani ya chungu cha korosho na kukaa karibu nacho. Yanayonijia mchana nayaandika. Nimegundua kwamba mengi, ikifika asubuhi, hayana haja ya kusemwa. Kitabu kimekuwa chembamba na kizuri zaidi.

Leo, saa sita na dakika mbili, limenijia jina la kitabu, lile tulilolitafuta tangu Januari. Nilimtazama Flora. Flora akafunika chungu kwa mkono.

Hamudi anapita sasa hivi, na barua hii utaipata jioni. Kwa hiyo jina sijaliandika humu. Jioni ni yako. Kesho, saa tatu kamili, nitapiga.

Mjomba wako,
Nikolao