Pedi Yako Sijampa Mtu

Mdogo wangu Shabani,

Najua barua haifiki huko uliko. Lakini nimezoea kukugombeza, na nisipokugombeza nitaumwa.

Kibanda cha gemu sijakifungua tangu msiba. Vijana wa Zinga wanapita, wanachungulia, wanauliza lini nafungua. Nawaambia umeme unasumbua. Mwongo mkubwa mimi. Runinga ipo, mashine ipo, na pedi zote mbili za kuchezea ziko juu ya kabati. Yako, ile yenye kitufe kinachonata mafuta ya mihogo, sijampa mtu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunacheza ile gemu ya vita kabla wateja hawajaja? Wewe mbele mbio, hutazami kushoto wala kulia, unapigwa, unalala chini na kuita, "Da Mwana, ninyanyue." Mimi niache kila kitu, nije nikupigie goti ubavuni, maana gemu ile aliyeanguka hainuki bila mwenzake. Ukishainuka hata asante hakuna, mbio tena. Nikilala mimi, hurudi ng'o. Nimekwambia mara ngapi, "Wewe kunyanyuliwa unajua, kunyanyua hujui. Mrudie mwenzio." Unacheka tu. Ulipochukuliwa jeshini ukamwambia mama asiwe na wasiwasi, vita umeshafunzwa na dada. Mama akanitazama mimi.

Wakakupeleka kulinda amani nchi za watu. Ukarudi ndani ya sanduku.

Siku ya mazishi wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki mkekani. Zikasikika bunduki za wenzako wakikuaga. Shabani, mimi niliyeshinda miaka yote na milio ya bunduki kibandani, niliruka kama mtoto. Ule mlio haumo kwenye gemu. Ni mfupi, mkavu, na huwezi kuupunguza sauti. Nikaona kumbe sikukufundisha kitu.

Waliporudi, mtani wetu Masanja, yule Mnyamwezi fundi baiskeli, akafanya kazi ya watani. Alivaa kofia yako, akaja mpaka mkekani na kifuu cha nazi mikononi, anakibonyeza kwa vidole gumba kama pedi, mara akajitupa mchangani: "Da Mwana, ninyanyue." Msiba mzima ukaangua kicheko, hata mama. Akagoma kuinuka mpaka nimpe mkono. Mimi nikaingia ndani. Wakamwinua wengine.

Kwenye arobaini yako alikuja askari mwenzako, Idrisa, anatembea kwa magongo. Akatusimulia. Mlikuwa mnakimbia wote, yeye akapigwa mguu, wewe ulikuwa umeshafika salama nyuma ya ukuta. "Alirudi," akasema. "Alinipigia goti, akaniburuta. Tulipokaribia ukuta ndipo akapigwa yeye." Kisha akaomba aione hiyo gemu, maana kambini ulikuwa ukijisifu kwamba vita umefunzwa na dada yako.

Nikamwambia kibanda kimefungwa. Hata chai sikumkaribisha. Akajikongoja na magongo yake mpaka barabarani, nami namtazama mgongo, nasema moyoni, kwa nini apone huyu?

Na wewe mjinga. Miaka yote nakuita, husikii. Siku moja tu umeamua kusikia, ndiyo ikawa siku ile. Nina hasira na wewe, na najivunia wewe, na sina wa kumwambia. Mama likitajwa jina lako anakwenda kuchota maji, hata ndoo zikiwa zimejaa. Nyumba imekuwa kubwa, Shabani. Sikujua nyumba yetu ni kubwa hivi.

Jana nilijifungia kibandani nikawasha mashine. Nikakimbia mbele peke yangu, makusudi, kama wewe. Nikapigwa, nikalala. Nikaweka pedi chini, nikasubiri. Hakuja mtu. Runinga ikaingia giza, ikaniuliza kama nataka kuanza upya. Nililia pale pale kwenye benchi letu.

Namba yake Idrisa alikuwa amemwachia mama. Nimempigia leo. Nilidhani atanikatia simu, naye akanishukuru, mpaka nikaona aibu. Atakuja Ijumaa baada ya swala. Nitampikia chai na mihogo, nitamkalisha upande wako, nitampa pedi yako. Kile kitufe atakizoea. Anasema hajawahi kucheza, kwa hiyo ataanguka sana.

Kila akianguka nitarudi, nakuahidi. Wewe pumzika sasa, mdogo wangu, usikimbie tena.

Dada yako,
Mwanaidi