Kivuli Kinachogawa Dawa

Jumapili, 3 Machi

Tumekufa tena mchezoni. Wote wanne, mlangoni pale pale kwa Malkia wa Chumvi. Na safari hii hata Malkia mwenyewe hatujamwona! Ni mbwa wetu, yule msaidizi anayeendeshwa na akili mnemba. Kasimama katikati ya mlango, hapiti wala hapishi. Nyuma yetu askari wa chumvi wanatuchoma mikuki. Kaka anamtukana mbwa, Wifi anacheka, Binamu anamsukuma kwa ngao. Mbwa anatikisa mkia.

Kabla ya hapo nilikwenda dukani kununua kamba. Kamba tu! Zamani ulikuwa unabonyeza, unapewa, unaondoka. Sasa wauzaji wametiwa akili, wanaongea. Na Kiswahili chao — "Ewe msafiri mtukufu, je, ungependa kunishirikisha yanayokusibu moyoni?" Yanayonisibu moyoni ni kamba. Nikamsalimia kwa adabu nikidhani ataishia hapo. Akauliza za nyumbani. Nikajibu. Akauliza za kazini. Nimetoka bila kamba.

Kaka analalamika eti nilichelewa kumtibu. Alikuwa bado na nusu ya damu! Mwenye nusu ya damu anatembea mwenyewe, hapewi dawa.

Jumanne, 5 Machi

Famasi ilijaa. Mama mmoja kataka antibayotiki za mafua kwa sababu jirani yake alipewa. Nikamwambia hizi si pipi. Kaniita mchoyo mbele ya foleni nzima. Haya.

Ndiyo sababu kwenye mchezo nimefanywa mganga wa kikosi. Mfamasia, basi mganga — nani aliniuliza? Mimi nilitaka shoka.

Nimempelekea Kaka dawa zake za presha kwa basi la asubuhi, na ujumbe: kila siku, baada ya chai, hata ukijisikia mzima. Kajibu kwa kidole gumba. Tangu yeye na Wifi wahamie mji mwingine namwona kwenye mchezo tu, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Hicho ndicho kikao chetu cha ukoo siku hizi. Nikikikosa, wiki nzima naona kuna kitu hakijakaa sawa.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi kanipanga zamu ya Jumapili. Nimebisha, nimeshindwa.

Kaka kasema nisijali. Mchezo umeongezwa kitu kipya: mchezaji asipokuwepo, kivuli chake kinacheza badala yake. Wabunifu wanajigamba kwamba kimejifunza mwendo wako tangu siku ya kwanza. Jina lako, vazi lako, tabia yako. Tofauti ni alama ya kijivu tu juu ya kichwa. Sijapenda.

Jumapili, 10 Machi

Wamemshinda Malkia. Bila mimi!!

Jumatatu, 11 Machi

Nimetazama marudio ya mchezo wao. Kile si kivuli changu, labda cha mtu mwingine! Kaka kachubuka kidole — kinampa dawa. Binamu kajikwaa — dawa. Wifi hana hata mkwaruzo — dawa, sijui ya kumpa hamu ya kula. Mkoba niliojaza kwa miezi kimeumwaga wote mchana mmoja.

Nikaingia kwenye jukwaa la wachezaji. Kilio kitupu. Mmoja ni mwizi hodari, kivuli chake kinazunguka kijijini kurudisha alivyoiba na kuomba radhi. Mwingine, chake kimepatana na adui mkuu, sasa jamaa hana wa kupigana naye. Inaonekana vivuli vyote vimefundishwa kupendwa. Wabunifu wamejibu: tunathamini maoni yenu. Basi.

Nimempigia Kaka nimtolee hasira. Kanisikiliza vizuri tu. Halafu kasema, kwa upole kabisa, kwamba kivuli kina ushirikiano.

Ushirikiano!

Alhamisi, 14 Machi

Zamu tena Jumapili. Nimemwambia Kaka. Kasema "Aa, pole" haraka mno, kama mtu aliyeambiwa mgeni mkorofi hatafika. Imeniuma. Nimemjibu "poa" na nikazima simu.

Jumapili, 17 Machi

Jokofu la chanjo limekufa, bosi kafunga famasi mapema. Nimekimbia nyumbani, sijavua hata koti jeupe, nikaingia mchezoni. Walishaanza. Nikachukua usukani wa mganga wangu, nikasubiri shangwe.

Hakuna aliyeshtuka.

Nikakumbuka malalamiko ya jukwaani: ukiingia mchezo ukiwa umeshaanza, alama ya kijivu haiondoki. Kwa macho yao mimi bado ni kivuli! Na maikrofoni nilikuwa sijaiwasha. Ningeiwasha. Kidole kilikuwa pale pale. Lakini Wifi alikuwa anasema kivuli kinatembea vizuri leo, mtu angedhani ni mimi mwenyewe, na nikataka kusikia kidogo tu. Kidogo tu!

Binamu kacheka, kasema mwenyewe angekuwepo tungeshajaza fomu ili tupate dawa moja. Nikameza. Ikafuata dawa, dawa, dawa. Nikawagawia kama kivuli halisi. Asante, asante. Sijawahi kushukuriwa hivyo katika mchezo huu, wala famasini.

Kisha Kaka katumbukia shimoni, mahali ambapo hata mtoto haanguki. Binamu kamuuliza ana nini. Kasema kichwa tu, tangu juzi, na macho yanamcheza. Wifi kasema si kichwa, ni zile dawa, ameziacha tangu mwezi uliopita. Zinamlegeza, ndivyo anavyodai, na yeye anajisikia mzima. Wifi kasema mara ngapi amwambie azungumze na dada yake, ndiyo kazi yake. Kaka kasema ataongea naye — siku moja. Ukimwambia kitu yule, unahojiwa kama uko kituoni. Bora huyu hapa, kasema, haulizi.

Huyu hapa ni mimi.

Wamepumzika. Wifi kaenda kutazama jiko, Binamu yuko kwenye simu nyingine, Kaka kasema anakwenda kunawa uso. Wahusika wao wamesimama tu, wanapumua. Naandika upesi kabla hawajarudi.

Baba naye alikuwa anajisikia mzima. Alianguka bafuni kwa presha, mswaki mkononi, hakuamka tena. Kaka ndiye aliyevunja mlango! Anajua, na bado anaziacha, kwa sababu ya mdomo wangu?

Nikisema sasa, atajua nimemsikiliza tangu mwanzo, na ya fomu, na yote. Hatanieleza kitu tena maisha yake yote. Nikinyamaza, nimpigie kesho nijifanye namjulia hali tu — na leo je? Macho yanamcheza leo. Naogopa. Naogopa kweli.

Karudi. Anaita wenzake, hawapo bado. Anaongea peke yake, yaani na mimi. "Haya mganga, nipe dawa tuingie."

Ana damu karibu yote. Kivuli kingempa.

Siwezi. Nimeweka kidole juu ya kitufe na hakibonyezi.

"We, nipe dawa."

Hapana.

Kacheka, kasema kimegoma, hizi akili mnemba ni takataka. Kamsogeza mtu wake mpaka mbele yangu, uso kwa uso. Kaomba tena. Mganga wangu kasimama tu, mkoba umejaa.

Namsikia anavyohema, ndefu, kama aliyepanda ngazi.

"Hiki kitu hakijawahi kuninyima," anasema. Taratibu sana.

Halafu: "Mdogo wangu? Ni wewe?"