Siku Uliyompeleka Marehemu Nyumbani Kwake

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna posta, lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kujibu barua, kwa hiyo sinuni. Leo nimepita mtaa wa Point nikaanza kucheka peke yangu barabarani, mpaka mama mmoja muuza mahindi akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nawakumbuka wewe na Faustin.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Tulikuwa tumeshahama Morogoro, kule ulikoishi ukimbizini enzi za makaburu hadi ukamwoa Mama, na tumerudi kwenu Durban. Ukapata kazi mochwari ya serikali: kuchunguza marehemu ni nani, amekufaje, ndugu zake wako wapi, kisha kwenda kuwagongea mlango. Kwa sababu ya Kiswahili chako, Wakongo na Watanzania wote waliofia mjini walikuwa wako. Mimi nilikuwa nasubiri majibu ya mtihani, ukanitafutia kibarua cha kupokea simu hapo ofisini. Mama alinuna: "Mtoto wa kike unamweka na maiti?" Ukamjibu, "Maiti hawana tabu, mke wangu. Tabu ni sisi tulio hai."

Furaha aliletwa na wazee wawili wa kanisa lao. Mumewe Faustin, Mkongo kinyozi wa Point, alikuwa hajaonekana siku kadhaa, na sisi tulikuwa na kijana aliyegongwa na gari pale kwenye robot, zile taa za barabarani, uso umeumia vibaya, mfukoni hana karatasi yoyote. Furaha alikuwa na mimba kubwa, na kwao mwenye mimba hatazami maiti. Kwa hiyo ulimtolea tu koti alilokutwa nalo marehemu, la mahameli ya zambarau. Akaligeuza, akaona bitana aliyoishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, akakaa chini sakafuni.

"Ni vesti ya bwana yangu," alisema, vesti kwao ikiwa ndiyo koti.

Hakulia kwa sauti. Niliyelia ni mimi, na simu ikaita weee, nikaiacha.

Wale wazee waliingia ndani, wakatoka mbio wameziba pua, wakasema ndiye, wanataka kumzika Jumamosi. Ukawauliza, "Mmetazama mtu au mmetazama koti?" Halafu ukaanza mambo yako ya viatu! Kila ndugu aliyekuja ulimwomba alete kiatu kikuukuu cha mtu wake. Kikaletwa cha Faustin, ukamvisha marehemu, mguu ukawa unachezacheza ndani. Mzee mmoja akasema labda kifo kimembadilisha.

"Eish, mzee wangu! Maiti huvimba. Mguu haupungui."

Walikasirika kwelikweli. Wakasema huna utu, unamnyima mjane maiti yake. Kule Point, chumbani kwa Furaha, wanawake walishatandika mikeka, na wembe wa kumnyoa Furaha ulikuwa tayari. Ukaenda mwenyewe, mimi nyuma yako. Hukumwambia mumewe yuko hai, maana hukujua. Ulimwambia tu, "Binti yangu, usinyoe kwanza." Alivyokutazama, Baba, niliogopa. Ndani ya gari nikakuuliza, "Na kama ndiye?" Ukasema, "Basi nitakuwa nimemtesa bure, na nitamwomba radhi mpaka nizeeke." Siku ile hukula. Mama akaja kuniuliza umefanya nini huko kazini.

Kesho yake mchana nimekaa na simu yangu, akaingia kijana mrefu, begi begani, jasho linamtiririka.

"Sista, banasema mi niko humu ndani."

"Nani?"

"Mi, Faustin. Banasema nimekufa."

Nilipiga ukelele, ukaja mbio na glavu mkononi. Kumbe alipata kazi ya ghafla ya kupakua mizigo Johannesburg, akaacha ujumbe kwa rafiki yake Deo amfikishie mkewe. Aliporudi na kushuka stendi, msusi wa kwao alimwona, akatupa kitana akatimua mbio. Wengine wakamkataza kwenda nyumbani ghafla, mkewe asije akajifungua kwa mshtuko. Aje kwako kwanza.

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukamwuliza taratibu, koti alimwazima nani. Deo. Wakongo na mavazi yao! Alikuwa anakwenda kuposa, akataka apendeze. Mkaingia ndani wote wawili. Faustin alitoka analia, lakini kijana wetu alikuwa amepata jina, na mama yake kule Uvira angepigiwa simu. Nyimbo, chakula, watu, vyote vilivyoandaliwa kwa Faustin vikawa vya Deo, akazikwa kama mtu mwenye kwao.

Lakini kabla ya mazishi hayo, siku ileile, tulikwenda Point. Ulipanda ngazi mbele, Faustin umemficha nyuma yangu, kana kwamba mimi nina mwili wa kumficha mtu! Ukagonga. Furaha akafungua, nywele zake ziko kichwani.

"Kaa kwanza, binti yangu."

Hakukaa. Alichungulia juu ya bega langu. Akamzaba Faustin kofi, akamshika uso kwa mikono miwili, akamzaba tena, na vigelegele vikalipuka mle ndani mpaka majirani wa juu wakashuka. Yule mzee wa "kifo kimembadilisha" alikubeba juujuu, miguu yako inaning'inia.

Tuliporudi garini hukuwasha injini. Ukasema, "Miaka yote nawapelekea watu kilio. Leo nimewapelekea mtu, anatembea kwa miguu yake." Ukawa unacheka huku unalia. Sijawahi kukuona na raha namna ile, hata siku ya harusi yangu, na usibishe.

Sasa na wewe umekwenda, Baba. Uso wako niliutazama vizuri, nikakufunika mwenyewe, sina shaka hata chembe. Lakini mlango ukigongwa, moyo wangu huu mjinga unaruka, naacha chungu jikoni. Huwa ni jirani anaomba chumvi. Nampa, tunacheka, anaondoka. Ukigongwa tena, nakwenda mbio vilevile.

Ndimi binti yako,
yule wa kwenye simu