Shingo ya Modesta na Barua ya Posa

Mwanaidi uko wapi? Wameondoka. Wameondoka na barua yao ya posa!

Si unajua dada Modesta wiki nzima anajifunza kupiga mishale kwa upinde kule uwanjani? Tangu jana shingo imekaza, haigeuki kushoto hata kidogo. Mama kamkanda kwa maji ya moto, wapi!

Leo wageni kutoka Lukozi wakafika, na mchumba mwenyewe Alen akaja nao. Modesta akatoka jikoni na chupa ya chai. Baba yake Alen kakaa kushoto kwake. Dada akapiga goti, akasema shikamoo, uso umeelekea ukutani. Ukutani, Mwanaidi! Kwa baba mkwe!

Mzee hakusema marahaba. Akauliza, "Huyu ananisalimia mimi au anasalimia ukuta?"

Mama akaeleza kwamba ni shingo, ni mazoezi ya upinde. Mzee akaguna, "Msichana na upinde? Semeni tu ana kiburi." Akachukua bahasha ya posa mezani, akainuka.

Na Alen je? Alen ndiye aliyemfundisha! Juzi tu alikuwa anamwambia akaze shingo, asitikisike mpaka mshale utoke!

Modesta akageuza mwili mzima, mwili mzima jamani, ili amwone usoni. "Alen, mwambie baba."

Alen akanywa chai.

Akanywa chai, Mwanaidi.

Nimepasha maji nimkande tena, dada kakataa. Anasema niiache shingo iume, apate cha kusingizia akilia.