W Si ya Wazee

Kitale

Papa,

Mulembe. Natumaini goti limekuachilia, na kwamba unafika shambani bila ile fimbo unayosingizia ni ya kufukuzia mbuzi. Mimi sijambo. Mvua imeshika huku, asubuhi ni baridi ya kumfanya mtu aongee na kikombe cha chai kabla ya kuongea na watu, na salamu ninazokutumia ni nyingi kuliko matope ya barabara ya Endebess.

Naandika kwa sababu simu haitusaidii tena. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka nje, nawe ukanijibu habari ya maharagwe. Kisha Wafula akachukua simu ili akueleze kwa ishara. Ndugu yangu huyo nampenda, lakini habari za gari akizibeba hazifiki jinsi zilivyotoka. Kwa hivyo soma mwenyewe, polepole, na miwani uivae.

Mama ameniambia umekubali brekdauni liuzwe. Ati kuna mtu wa Bungoma mjini anayenunua magari makuukuu kwa ajili ya vyuma chakavu, na atakuja huku kulichukua Jumamosi ya wiki ijayo. Papa, nilipoambiwa nilikaa chini. Gari hilo ulilitumia kuvuta matrekta na malori ya miwa yaliyokwama kabla sijazaliwa. Lilinisomesha, na tangu uniachie funguo nikaja nalo huku, ndilo linalonilisha. Kuambiwa limekuwa vyuma ni kama kuambiwa mtu amefariki ilhali nilikuwa naongea naye jana. Nilisikia uchungu, na bado nausikia.

Najua habari ilikotoka. Wafula alipokuja kunitembelea aliamshwa asubuhi nikiwasha injini. Tapeti zilikuwa zikigonga huko juu ya injini, ta-ta-ta-ta, akatoka nje amejifunika blanketi.

"Hii gari imekwisha, bana," akaniambia. "Ati unangoja nini? Ikufie kwa balabala?"

Akarudi nyumbani Bumula na hukumu yake. Nawe kwa kuwa masikio yako hayasikii injini tena, ukaazima yake. Sikulaumu. Lakini Wafula alisikia kelele tu; sababu yake hakungoja kuisikia, kwani chai ilikuwa tayari ndani.

Sababu ni oili. Unakumbuka ulivyonifundisha kusoma mkebe wa oili? Kuna namba, halafu W, halafu namba nyingine. Ukaniambia W ni ya wazee. Injini ikiwa bado kijana, namba iliyo mbele ya W inakuwa ndogo. Ikizeeka unaipandisha, mpaka unafika ishirini W hamsini, nzito kama uji wa wimbi, hiyo sasa ni oili ya wazee wenyewe. Nimeamini hivyo maisha yangu yote. Kuna madereva hapa Kitale wanaoamini hivyo kwa sababu yangu.

Basi baada ya Mama kunipigia nilikwenda kwa Bwana Harbans, yule wa duka la spea ambaye babake alikuwa akikuuzia mikanda ya feni. Nilitaka kumwaga oili yote na kuweka mpya, angalau huyo mnunuzi akija akute gari safi.

"Nipe ile ya wazee, kama kawaida," nikamwambia.

"Ya wazee gani?"

Nikamweleza. Alinitazama kwanza, kisha akamwita mkewe kutoka nyuma aje asikie. Walicheka, Papa, wakacheka mpaka Bwana Harbans akavua miwani apanguse macho. Nilikasirika. Nikamwambia baba yangu alikuwa akivuta malori kabla duka hili halijapakwa rangi.

"Usikasirike, Naliaka," akasema. "W ni ya winter. Ni baridi hiyo. Namba ya kwanza inakuambia oili iko nzito namna gani kama injini bado ni baridi. Ya pili inakuambia ikishapata moto. Sasa wewe gari unalaza wapi?"

"Nje. Njia ya Endebess."

"Si basi! Asubuhi hiyo ishirini yako imelala huko chini kama ugali. Pampu inavuta, inavuta, na huko juu tapeti zinagongana kavu. Halafu mnaambiana ati injini imekufa."

Nilikuwa nafikiria kwetu Bumula, ambako asubuhi mtu anatoka nje na shati moja na hasikii kitu. Huko injini hii haikuwahi kugonga hata siku moja, na oili ilikuwa hiyo hiyo ya wazee. Joto la nyumbani ndilo lililotufichia. Gari halikuanza kuugua, Papa. Nililihamisha tu likaja mahali pa baridi na mavazi ya Bumula.

Mkewe Bwana Harbans akaona nimekuwa mpole, akanisogezea mkebe mwingine. "Chukua hii ya tano W thelathini," akasema. "Hizi gari mpya zote zinaweka hii."

Hapo sasa wewe ndiwe uliyejibu, si mimi. Nilimwambia gari langu si la kwenda kanisani. Linapanda mlima na lori la watu nyuma, na injini ikishika moto namna hiyo, oili nyepesi inakimbia chuma kinabaki chenyewe. Ulinifundisha hivyo tukiwa chini ya lori la miwa, mafuta yakikudondokea shingoni. Bwana Harbans akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hapo mzee wako ako sawa kabisa." Akafungua kitabu cha aina ya gari letu, tukaangalia pamoja. Kumi na tano W arobaini, ya dizeli. Asubuhi inaamka mapema kuliko ile yetu, na mlimani bado ina nguvu. Nikabeba hiyo.

Nilipowasha asubuhi iliyofuata, tapeti ziligonga kidogo, kisha zikanyamaza, na ile taa nyekundu ya oili ikazimika kabla sijafunga mlango. Nilifurahi, lakini sikucheza. Nilijua mtihani wenyewe uko mlimani. Injini kuukuu kama hii, ikiwa imelika ndani kweli, ikipata moto na oili isiyo nzito kama zamani, presha ya oili itaanguka. Hapo Wafula angekuwa amesema kweli, nami ningekuandikia mwenyewe nikuambie uza.

Mtihani ukaja juzi. Kanta, lori dogo la mtu anayeitwa Chemtai, iliteleza ikaingia mtaroni ng'ambo ya Endebess, imejaa mahindi. Tuliitoa kwa winchi, nikaifunga nyuma, naye akapanda mbele nami tukaanza kurudi Kitale. Pale kwenye mwinuko mrefu niliweka gia ya chini na macho kwenye geji ya presha. Mshale ukaanza kushuka. Chemtai alikuwa akiomba kwa sauti juu ya mahindi yake yasilowe, halafu akaona ninavyotazama mbele bila kupepesa.

"Madam, si useme kama kuna shida," akasema.

"Omba tu," nikamwambia. "Na hii injini uiweke humo."

Akaiweka, kwa jina la Baba na la Mwana. Mshale ulishuka kidogo tena, kisha ukasimama. Ulisimama hapo hapo hadi juu, na hata tulipofika tambarare bado ulikuwa umesimama. Papa, nililia kidogo. Chemtai alidhani ni kwa ajili ya mahindi yake, akanishukuru sana.

Sikufichi kitu: injini inakula oili kiasi, na nikirudi kutoka safari ndefu lazima niongeze. Imezeeka. Lakini kuzeeka si kufa, na wewe unajua tofauti hiyo kuliko sisi sote.

Msalimie sana Mama, mwambie blanketi alilonifumia ndilo linalonipitisha asubuhi. Msalimie Kukhu, mama yako, na umwambie ugoro wake utakuja na mtu wa kwanza ninayemwamini. Msalimie mke wa Wafula, shemeji yangu mwenye subira. Na Wafula mwenyewe mwambie simchukii, ila akija tena nitamlaza ndani ya gari.

Sasa ombi langu. Kabla ya hiyo Jumamosi, njoo Kitale. Lala kwangu usiku mmoja, ili asubuhi uikute injini ikiwa baridi kabisa. Miaka yako ya mwisho barabarani ulikuwa hata honi huisikii, na bado hakuna injini iliyoweza kukudanganya. Ulikuwa ukiweka kiganja juu ya kifuniko cha tapeti, unafumba macho, kisha unataja ugonjwa. Mafundi wenye masikio mazima walikuwa wakikungoja wewe. Mimi nitawasha, nawe uweke mkono. Usiangalie uso wangu, na yale ya Wafula yaache Bumula. Mkono wako ukisikia kwamba imekufa, funguo nitakupa mimi mwenyewe umpe mtu wa vyuma, na sitasema neno.

Lakini mkono huo usikie kwanza.

Ni mimi mwanao, ninayekungoja na chai,
Naliaka