Lazima Kushoto, Hiari Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Ushirika wa wafugaji umeamua: ile tozo inayokatwa kwa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani itapigiwa kura Jumamosi. Ibaki ya lazima, au iwe hiari? Na kura itapigwa hapa josholini kwangu! Wanachama watapita kwenye ule ujia wa mbao, mmoja mmoja, kama ng'ombe wanaokwenda kuogeshwa dawa ya kupe. Mimi pale mwisho nashika kamba ya geti. Akisema lazima, nampeleka kushoto. Hiari, kulia. Katibu anasema ndiyo hesabu pekee wanayoiamini wote.

Mimi sina kura. Sina hata mbuzi! Lakini mshahara wangu unatoka kwenye tozo. Ikiwa hiari, josho linafungwa, narudi kukamua ng'ombe wa Baba. Na kinara wa Hiari ni nani? Baba mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Baba kahutubia meza nzima wakati wa chakula cha mchana. Wakimwomba, eti atatoa hata mara mbili. Wakimlazimisha, hawaoni hata senti. Na viti vya kuzunguka vilivyonunuliwa kwa tozo ofisini kwa mwenyekiti, vinaogesha ng'ombe gani?

Kwa viti nilimkubalia. Vile viti ni aibu! Nikamkumbusha mwaka ule tulipojaribu hiari: walitoa wachache, ng'ombe wakaja wote. Kupe haombi mtu risiti, Baba.

Mama kacheka, maji yakamtoka puani. Baba kanuna, kisha kaomba aongezewe mboga. Nampenda mzee huyu, lakini kukamua sirudi.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu! Sijui nianzie wapi.

Wamepita wote. Watu wazima, kofia mkononi, matumbo yanakwaruza mbao. Fundi cherehani mwenye ng'ombe wawili kanogewa, kalia mooo! Baba kapita kifua mbele: "Hiari!" Nikavuta kamba, akaenda kulia. Hata hakuniangalia.

Katibu, ambaye sote tunamwita Kalkuleta, kakaa juu ya ukingo na daftari, anapiga mistari. Miaka ishirini anahesabu migongo inayopita chini yake, nyuso haangalii. Mwisho akasoma: lazima 106, hiari 106. Jumla 212.

Wanachama wako 211!

Kisha tukasikia karatasi inachanika. Ndama wa jirani yetu mjane, yule anayenyweshwa kwa chupa na kumfuata kila mahali, anatafuna ajenda ya mwenyekiti. Alipita nyuma ya mjane! Kalkuleta kaona mgongo, kapiga mstari.

Kapita upande gani? Hakuna anayejua. Mjane kasema kushoto. Kisha kulia. Kisha kaanza kucheka hawezi kusema. Mimi niliyeshika kamba nilikuwa nimefumba macho, napiga chafya kwa vumbi. Kura inarudiwa wiki ijayo.

Jumapili, 9 Machi

Kila nikimkumbuka Kalkuleta nacheka peke yangu. Baba kaniuliza, josho likifungwa nitafanya nini. Nikasema nitatafuta josho lingine, mbali. Kaenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaangalia.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapahapa getini, kwenye daftari la dawa, kamba nimeizungusha mkononi.

Ndama kafungwa mtini, anapiga kelele. Kalkuleta safari hii kamwangalia kila mtu usoni na kumuuliza jina. Wamepita 210. Lazima 105, hiari 105! Watu wamepanda juu ya mbao kuchungulia. Amebaki mmoja.

Baba yumo ndani ya ujia. Nimemuuliza, kama nilivyowauliza wote: "Lazima au hiari?"

Kasema anataka kiti.

Kiti! Upande wa Hiari wanamwita, mzee, sema tumalize. Nyuma geti lishafungwa, na ujia ule haugeuziki. Wamempitishia kiti kwa juu. Bahati mbaya kilicho karibu ni kimoja tu, kile cha kuzunguka alichokuja nacho mwenyekiti. Baba kakaa, kikazunguka nusu, kikamgonganisha magoti na mbao. Sijui nimezuiaje kicheko.

Sasa kaomba chai. Mama kamletea. Anakunywa polepole, mbele yangu kabisa, ningeweza kumgusa bega.

"Wewe," kaniambia kwa sauti ya chini, "wiki ijayo dawa unachanganya lini?"

"Jumanne, Baba. Kama—"

"Sijauliza kama. Jumanne asubuhi?"

"Asubuhi."

Kaitikia kwa kichwa, kapuliza chai. Watu wanapiga kelele wasikie tunasema nini. Kalkuleta kainua kalamu. Kikombe kimebaki nusu.