Zamu ya Mwenyekiti na Viatu Vilivyokwama Mpakani

S.L.P. 214,
Jumapili, 13 Julai

Mpendwa Dada,

Nyumba nzima inakusalimu, na mimi nakusalimu mara mbili kwa sababu nimechelewa kujibu. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba siku hizi unapanda ngazi kwa kuzihesabu. Na Shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi ni wazima, isipokuwa mafua ya mapacha, ambao wameamua kuugua kwa kupokezana ili mmoja abaki na nguvu za kufanya fujo.

Najua unachongoja ni habari za viatu. Nimefungua shajara yangu nisije nikakosea tarehe. Cheka tu, utaona ilivyotufaa.

Kama nilivyokueleza Februari, jozi mia sita za viatu vya shule kutoka karakana ya wifi yako zilikwama kwenye ghala la forodha mpakani. Dola jirani ilizuia bidhaa zote za ngozi kutoka nchi saba za Jumuiya yetu, mpaka tukubaliane nembo moja ya ubora. Mnunuzi yuko ng'ambo. Na mwenye chumba alishasema kwamba ikifika katikati ya Julai karakana haina kazi, chumba anampa mtu wa magodoro. Mafundi tisa walikuwa wanakuja asubuhi, wanapiga soga, wanarudi makwao. Wifi yako alikuwa anapanga kalibu za mbao za kuundia viatu kwa ukubwa, kisha anazivuruga ili apate tena cha kupanga.

Basi mazungumzo yakaletwa kwenye ukumbi wetu, Ijumaa tarehe 27 Juni. Kazi yangu unaijua: viti, bendera ndogo za mezani, vibao vya majina, maji ya kunywa. Kiongozi wa ujumbe wa dola jirani alikuwa balozi, mama mtu mzima asiyepandisha sauti. Siku ya kwanza tu aliwaambia watu wetu, "Nyumba yenu ina milango saba. Nikigonga huu, naambiwa niende ule." Waliocheka walikuwa wa upande wake peke yao.

Lakini walisikilizana. Jumatatu tarehe 30, kabla ya chakula cha mchana, nembo ilikubaliwa na kila kifungu kikafungwa. Kutia saini kukapangwa kesho yake, saa nne asubuhi. Nilimpigia simu wifi yako nikiwa stoo ya viti. Alipiga kigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

Saa nane nikaanza kuandaa meza ya kutia saini. Kila shughuli huwa naandika tarehe juu ya orodha yangu. Nikaandika 1 Julai, na mkono ukasimama hapo hapo.

Dada, uenyekiti wa Jumuiya ni wa zamu, miezi sita kwa kila nchi. Hukabidhiwa kwenye mkutano wa wakuu, kwa matarumbeta na picha. Mwaka huu mkutano huo ulisogezwa mbele kupisha mazungumzo, na kila mtu akachukulia kwamba zamu nayo imesogea. Mimi nilikumbuka kwamba miaka miwili iliyopita mvua ziliahirisha mkutano kama huo, nikakaripiwa kwa kuacha kibao cha mwenyekiti wa zamani mezani. Usiku ule niliandika karipio lote kwenye shajara: zamu inakwisha tarehe 30 Juni, sherehe iwepo isiwepo. Na mkataba ulikuwa umeshachapwa kwa jina la waziri ambaye asubuhi ya kutia saini asingekuwa mwenyekiti tena.

Nilikaa kimya nusu saa nzima, nikifuta glasi ambazo zilishafutwa. Nikisema, huenda saini ikaahirishwa, na mtu wa magodoro ahamie. Nisiposema, kesho mlango unafunguliwa na viatu vinavuka. Lakini Machi watu wa dola jirani walirudisha barua ya Jumuiya kwa sababu aliyeitia saini hakuwa na madaraka hayo. Wakigundua baadaye, mlango wataufunga tena, na safari hii kwa kufuli. Nikaenda kumtafuta Mama Itifaki, yule mkuu wetu anayesikika kabla hajaonekana.

"Fundi Viti, leo umeacha viti umehamia kwenye sheria?" akaniuliza.

"Mama, sheria siijui. Mimi najua kibao, na kibao cha kesho sicho hicho."

"Usiniletee presha mchana huu, baba."

Hata hivyo alimwita mwanasheria wa Jumuiya. Yule bwana akaja na kitabu na biskuti, akafunua kurasa huku akitafuna. Alipofika kwenye kifungu chenyewe akaacha kutafuna. Akavuta kiti nilichokuwa nimekipanga, akakaa.

"Kweli tupu," akasema. "Tumekwisha."

Kilichofuata kingekuvunja mbavu. Mwenyekiti mpya alikuwa waziri wa nchi ndogo kuliko zote saba, naye hakujua kwamba ana zamu. Alipatikana kwa kinyozi, akaletwa mbio akiwa na ndevu upande mmoja. Mwenyekiti wa zamani, bwana wa mwili na heshima zake, alikuwa amenunua kalamu mpya na kumwalika mkewe aje ashuhudie.

"Yaani nimebishana siku nne, halafu saini aweke huyu wa nusu ndevu?"

"Mzee wangu, hata mimi sikuomba," akajibu mwenzake. "Niliomba kunyolewa tu."

Mzee alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajishika tumbo. Hapo nikajua kwa upande wetu yameisha. Kilichobaki ni kumwambia Balozi, na hicho ndicho kilichoniweka roho juu. Mama Itifaki akanivuta mkono tuingie wote, eti kama atafukuzwa mtu, tufukuzwe wawili.

Balozi alisikiliza bila kukatiza. Nilipotaja shajara yangu, ambayo huwa naibeba kila mahali, akaomba kuiona. Dada, niliona haya, maana kwenye ukurasa ule ule wa karipio nilikuwa nimeandika pia kuhusu bomba la jikoni linalovuja. Alisoma yote, bomba na karipio, akanirudishia.

"Miezi yote hii nauliza mkubwa wenu ni nani," akasema. "Leo mmeniambia kabla sijauliza. Badilisheni jina, kesho tunaweka saini. Na huyo mzee akae karibu yangu kama shahidi, kalamu yake isipotee bure."

Jumanne saa nne kamili mkataba ulitiwa saini. Bwana wa nusu ndevu alikuwa amemalizia kunyoa, na mke wa mzee akapiga picha zake.

Nilipomsimulia wifi yako, alininunia dakika tano, si kwa kusema, bali kwa ile nusu saa ya kukaa kimya. Kisha akaniuliza kama lile bomba nimeshaliziba.

Tarehe 8 viatu vilivuka mpaka. Siku ya pili yake mnunuzi akaomba jozi mia nne nyingine, na mtu wa magodoro ameambiwa atafute pengine. Ninapoandika haya ni Jumapili, lakini nasikia nyundo za mafundi hadi huku sebuleni. Wamegoma kupumzika, wanasema walipumzika tangu Februari.

Sasa wifi yako anataka kuwashonea wajukuu zako, kila mmoja jozi. Usituandikie namba za viatu, kwa kuwa za huko na za huku hazilingani. Msimamishe kila mtoto juu ya karatasi, uzungushe penseli miguu yote miwili, uandike jina. Yule mtundu mfanye akiwa amelala.

Nisalimie Shemeji, Mama Mdogo na mpwa wangu Kinyozi. Mungu akulinde, alainishe goti lako, na atukutanishe tukiwa na meno yetu yote.

Mdogo wako akupendaye kila siku,
Baba Pacha